Mshenga, atlasi na chupa ya achari: Kimara hadi Pumwani na kurudi

Jumatano usiku, Kimara

Mpwa wangu alikuja na tiketi za ndege mbili, kwenda na kurudi, na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Dar hadi Nairobi, saa 1 na dakika 20. Mama yake akazitazama zile karatasi, akazirudisha mezani taratibu kama samaki aliyeanza kubadilika harufu.

"Mimi juu siendi."

Huyo mama yake ni dada yangu mkubwa. Safari yenyewe ni ya kupeleka barua ya posa. Binti yuko Nairobi, Pumwani. Kijana, huyu mpwa wangu, yuko Dar. Walikutana huko wanakokutana vijana wa siku hizi. Mimi nimefundisha Jiografia miaka thelathini na moja, na watu wanaamini mwalimu mstaafu hakosi maneno, kwa hiyo nimepewa ushenga.

Mabishano yalichukua saa mbili kamili. Tungekuwa kwenye ndege, muda huo tungeshafika na kuanza kutafuta mizigo. Mwisho tukaafikiana: kwenda kwa basi, kurudi kwa ndege. Dada alikubali hilo la pili kwa kuwa lilikuwa bado siku tano mbele, na kwa siku tano Mungu anaweza kufanya mengi. Nusu ya tiketi ikawa imekufa. Mpwa wangu hakusema kitu, alimeza mate tu.

Walipolala nikatoa atlasi yangu ya shule na rula. Uwanja wa ndege wa Dar uko karibu digrii 6.9 kusini mwa ikweta, wa Nairobi digrii 1.3. Tofauti ni digrii tano na nusu na ushei. Kwenye longitudo, 39.2 kwa 36.9, tofauti ni digrii mbili na robo hivi. Na sisi wa karibu na ikweta tuna raha moja ambayo Mzungu hana: digrii moja ni kama kilomita 111 ukipanda kaskazini, na ni karibu hizohizo ukienda mashariki. Kwa hiyo mtoto yeyote wa kidato cha pili anaweza kummalizia Pythagoras hesabu yake. Nilipata kilomita 665. Ukipata 666 hatutagombana.

Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingezimaliza hizo kwa dakika 50. Tiketi inasema 80. Nikaandika kwenye daftari: "Dakika 30 zimekwenda wapi? Tafuta Jumatatu."

Alhamisi, Dar hadi Arusha

Tulitoka nyumbani saa 11 na robo alfajiri. Kutoka Kimara hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ni bajaji ya robo saa wakati huo. Jambo hili wanaosifia ndege huwa hawalipigii hesabu: kwa mtu wa Kimara basi liko mlangoni, na uwanja wa ndege uko upande wa pili wa dunia.

Basi liling'oa nanga saa 12 na dakika 10. Dada alishika kiti cha dirishani, akapachika mkoba wa barua katikati ya miguu yake, akafunga mkanda, akaanza tasbihi. Nikamwambia kwa takwimu za barabara zetu angepaswa kuogopa hapa zaidi ya angani. Akasema hapa akianguka anaanguka chini, si *kutoka juu*. Sikuwa na jibu.

Kibaha, Mlandizi, mizani, Chalinze. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila penye nyumba kumi kuna kibao cha 50, na nyuma ya mwembe unaofuata kibao kuna trafiki. Dereva wetu alikuwa mstaarabu, alivitii vibao vyote. Ukitaka kujua kwa nini safari ya Arusha ya kilomita kama 640 inakula siku nzima, usitafute mbali.

Segera saa 4 na nusu. Madirisha yalijaa machungwa ya Muheza kwenye nyavu. Konda akatangaza, "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" na basi zima likamwagika vichakani, wanaume kulia, wanawake kushoto. Dada alikuwa na khanga ya pili kwa kazi hiyohiyo. Mtu aliyezoea safari hujulikana hapo.

Korogwe saa 5 kasoro dakika 5. Chakula dakika ishirini na tano: chipsi, kuku, chai ya rangi. Nilikula nimesimama, atlasi imefunguliwa juu ya boksi la soda, kwa sababu kuna kitu nilikiona usiku nikadhani nimekosea. Ukiweka rula kutoka uwanja wa Dar hadi uwanja wa Nairobi, mstari unapita Korogwe. Si karibu na Korogwe, ni hapohapo, halafu unapanda milima ya Usambara upande wa Lushoto. Yaani ndege ya mpwa wangu, kama ingefuata rula, ingepita juu ya sahani yangu ya chipsi baada ya kama kilomita 207. Sisi tulikuwa tumetumia saa 4 na dakika 45 kufika pale, kwa kuwa barabara lazima iende kwanza magharibi hadi Chalinze ndipo ikumbuke kuwa inatakiwa kwenda kaskazini.

Nikamwonyesha mhudumu mstari. Akautazama, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, basi lako linapiga honi."

Kutoka hapo ni mkonge, mistari mirefu iliyonyooka kama ya daftari, halafu Mombo, halafu ukame. Milima ya Pare inakaa mkono wa kulia saa nyingi bila kusogea, Hedaru, Makanya, Same. Ndani ya basi filamu ya Bongo ilikuwa inaendelea: mama mkwe mbaya anamtesa mkaza mwana. Dada aliifuatilia kwa makini mno kwa mtu anayekwenda kuwa mama mkwe.

Himo ndipo barabara ya Holili na Taveta inapochepuka kuingia Kenya. Basi letu lilinyoosha kwenda Moshi. Hapa nilikuwa nikiwakumbusha wanafunzi kila mwaka kuua hadithi moja: kwamba mpaka umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro. Hadithi tamu, lakini makubaliano ya mstari ule, kutoka mdomo wa mto Umba, kuuzunguka mlima kwa kaskazini, halafu kunyoosha hadi ziwani, ni ya mwaka 1886, na huyo Wilhelm alikalia kiti mwaka 1888. Mtu hapewi zawadi ya ufalme kabla hajawa mfalme. Nao kila mwaka kwenye mtihani waliniandikia zawadi.

Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika gubigubi. Moshi saa 10 kasoro robo. Arusha saa 11 na dakika 40 jioni, miguu imevimba, na baridi inaingia kwenye mikono ya shati kama mwenye nyumba. Tulilala nyumba ya wageni karibu na stendi. Dada aliomba maji ya moto mara mbili.

Ijumaa, Arusha hadi Nairobi

Tulichukua gari dogo la Nairobi. Ni kama kilomita 110 hadi Namanga na 165 nyingine hadi Nairobi. Ukijumlisha na za jana unapata zaidi ya 900, kwa umbali ambao kunguru angeumaliza kwa 665. Robo yote hiyo ni kuzunguka.

Longido ikapita, ng'ombe wakapita, kijana wa Kimasai mwenye simu mbili akapita. Namanga tulifika saa 4 kasoro.

Kwa wanaoikumbuka Namanga ya zamani, ya kupanga foleni upande huu, kuvuka kwa miguu na mabegi kichwani, halafu kupanga foleni upande ule: siku hizi ni kituo kimoja, kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Ukienda Kenya unapita moja kwa moja hadi jengo la Kenya, na humo ndani ofisa wa Tanzania anakugongea kutoka, na hatua chache pembeni ofisa wa Kenya anakugongea kuingia. Pasipoti tulikuwa nazo, kadi za njano za chanjo tulikuwa nazo.

Tatizo likawa vidole vya dada. Alikuwa ametoka kula sambusa mbili za moto pale nje, na mashine ya alama za vidole ikamkataa. Akabonyeza tena, ikamkataa. Ofisa, kijana mpole, akamwambia, "Mama, pangusa mikono kidogo." Dada akapangusa kwenye khanga. Ikamkataa. Mwisho alikwenda kunawa kwa sabuni, akarudi ameshika mikono hewani kama daktari wa upasuaji, ikakubali. Abiria wote wa gari letu walikuwa wanamsubiri yeye. Dakika 50 jumla.

Nje wabadilisha fedha wakatuzunguka na mabunda yao. Shilingi moja yao ilikuwa kama ishirini za kwetu. Dada alitoa noti nyingi akarudishiwa chache, akazihesabu mara tatu, akaniuliza pembeni kama tumeibiwa.

Kajiado, Isinya, halafu Kitengela, na hapo Nairobi inakupokea kwa foleni ukiwa bado huioni. Mjini tulishuka saa 8 na dakika 20. Matatu ya kwenda Pumwani ilikuwa na picha ya mchezaji mpira ubavuni na muziki wa kutosha harusi tatu. Makanga, kwetu konda, alimtazama dada, akapunguza sauti mwenyewe bila kuombwa. "Mathe, kaa hapa mbele." Dada akaniuliza mathe ni nini. Nikamwambia ni mama. Akatabasamu hadi tunashuka.

Saa 9 na dakika 10 tuligonga hodi. Nikafunga hesabu: Alhamisi saa 12 na dakika 25 njiani, leo saa 7 na dakika 40. Saa 20 na dakika 5, mlango hadi mlango, ukiondoa usingizi.

Jumamosi, Pumwani

Sebule ilikuwa imejaa. Wajomba, mashangazi, majirani wawili waliokuja "kuazima chumvi" na kukaa. Katikati, kwenye kiti cha mbao chenye mto, babu wa binti. Ndiye msemaji wa familia. Mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya kiua safi, macho makali. Nilikuwa nimeandaa utangulizi wa ua na bustani na mchumaji, maneno ya kawaida ya washenga. Sikuwahi kuufungua.

"Mwalimu, kabla ya barua. Mmekuja kwa njia gani?"

"Kwa basi, mzee. Tumelala Arusha."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

Akamgeukia dada. "Na wewe mama, kwa umri huo, siku mbili kwenye basi kwa ajili ya mjukuu wangu?" Dada, ambaye alikuja kwa basi kwa kuogopa ndege, aliinamisha macho kwa unyenyekevu. Sikumsaliti.

Ndipo mzee akatuambia yeye ni mtu wa Tanga. Alikuja Nairobi kijana, akafanya kazi kwenye Reli ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa yetu sote, wakati nchi tatu zina reli moja, posta moja na shirika moja la ndege. Likizo alikuwa akipanda gari hadi Mombasa, Lungalunga, Horohoro, Tanga, na kulala kwa mama yake kesho yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Februari Tanzania ikafunga mpaka, na kila nchi ikaanza kununua ndege zake.

"Nilikwenda Lungalunga kutazama," alisema. "Nikasimama pale. Barabara ileile. Askari ananiambia mzee rudi, na mimi sikuwa mzee wakati huo." Akacheka kidogo. "Mama yangu alifariki 1979. Habari zilinifikia zimeshapoa. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Nyinyi mmesoma, hesabuni."

Nilihesabu bila kutaka: miaka sita na miezi tisa. Kutoka Pumwani hadi Tanga.

Hakuna aliyesema kitu. Shangazi mmoja akasogeza sinia la mahamri. Mzee akanyoosha mkono, si kwa hamri, kwa barua. Nikaitoa kwenye bahasha yake, nikaiweka juu ya kitambaa cheupe pamoja na kilichoambatana nayo, nikasema sentensi moja tu badala ya zile kumi na mbili. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya mto wa kiti bila kuifungua.

"Imefika. Jibu mtalipata." Kama desturi inavyotaka. Barua ya posa haijibiwi siku ileile. Anayejibu siku ileile anaonekana alikuwa na njaa ya mkwe.

Baada ya hapo ilikuwa pilau, na mabishano kama chai isiyo na maziwa inaitwa ya rangi au strungi.

Jumapili

Dada alikwenda sokoni na mashangazi. Mimi nililala. Jioni nyumba nzima ilimweleza dada jinsi ndege ilivyo salama, kila mmoja kwa hadithi ya ndege iliyotaka kuanguka ikaokolewa na rubani hodari. Hakulala.

Jumatatu, Nairobi hadi Dar

Wakati wa kuagana, bibi wa binti alimletea dada chupa kubwa ya kioo ya achari ya ndimu, mafuta mekundu hadi shingoni. Dada akaikumbatia. Ilikuwa zawadi ya kwanza kutoka kwa wakwe, na kila mtu mle ndani alijua maana yake isipokuwa wanaume.

Tuliondoka Pumwani saa 12 kasoro robo. Ndege ilikuwa ya saa 3 na nusu. Dereva alipita ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, na mji wote ukawa chini yetu. Kwenye geti la uwanja wa Jomo Kenyatta tulishuka wote kwenye gari, tukapita kwa miguu kwenye mashine, gari likakaguliwa peke yake, tukapanda tena. Dada alipita na chupa mkononi kama mtoto mchanga.

Kaunta ya mizigo ndipo vita ilipoanza. Achari yenye mafuta huiingizi ndani ya ndege mkononi; kitu chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100 kinabaki kwa wakaguzi. Nikamweleza dada aikabidhi iende na begi kubwa.

"Ipasuke?"

"Wataichukua, dada. Wataitupa."

"Achari ya wakwe zangu itupwe?"

Msichana wa kaunta alisubiri kwa adabu. Nyuma yetu foleni ikaanza kupumua kwa nguvu. Mwisho dada alifungua begi palepale sakafuni, akatoa khanga zote tatu na gauni la Jumamosi, akaifunga ile chupa tabaka kwa tabaka, akaisomea, akaifungia. Begi likaondoka kwenye mkanda, yeye akalitazama mpaka pazia la mpira likalimeza. Tangu hapo hadi Dar hakuzungumzia tena ndege kuanguka. Hofu yote ilikuwa imehamia kwenye chupa.

Niliomba viti vya upande wa kulia. Ukitoka Nairobi kwenda Dar, Kilimanjaro iko kulia. Ukienda, iko kushoto. Asiyejua hilo hulipa nauli kamili akatazama mawingu ya upande wa Tsavo.

Kisha ndege ikachelewa. Shirika sitalitaja. Walisema ndege inayotuchukua haijafika kutoka ilikotoka, wakasema samahani, wakasema tena. Tulikaa saa 1 na dakika 20 za ziada, yaani walituchelewesha kwa urefu uleule wa safari nzima ya tiketi. Mzee mmoja pembeni yetu alikuwa ametandika kikoi akalala usingizi wa haki.

Saa 4 na dakika 50 mlango ukafungwa, nikafungua daftari. Nilikuwa na deni la dakika 30.

Dakika 12 za kwanza tulizitumia chini, tukijikokota na kusubiri zamu. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndipo inyanyuke, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Saa 5 na dakika 2 tukanyanyuka. Dada alinishika mkono mpaka saa yangu ikaniacha alama.

Ndege haiendi kilomita 800 kwa saa tangu inaponyanyuka. Inapanda kwa mwendo mdogo, inageuka kutafuta njia yake, na mpaka ikae sawa juu, sehemu kubwa ya umbali imeshapita. Dakika ya 21 rubani akasema watu wa kulia watazame. Kibo ilikuwa nje ya dirisha, si juu yetu wala si mbali, iko *pembeni*, kama mtu aliyekaa kiti cha jirani. Barafu imebaki vipande vipande kwenye ukingo, kama sukari iliyosahaulika kwenye sahani. Karibu zaidi nasi ilikuwa Mawenzi, imechongoka, nyeusi, bila kofia. Alhamisi tulipita chini yake saa mbili nzima bila kuiona.

Dada aliachia mkono wangu. Akainama dirishani.

"Na ile barabara tuliyopita?"

Nikamwonyesha mbele, milima ya Pare, na ule uzi mwembamba ulio nyuma yake. Tukaifuata kwa vidole kwenye kioo. Same, nadhani. Kisha Usambara, kijani kibichi chenye mikunjo kama khanga isiyopigwa pasi. Kisha ardhi ikashuka ghafla, nikaona mistari ya mkonge, na mto wa kahawia unaopinda, na mapaa ya bati yaking'aa.

"Korogwe hiyo," nikasema. "Pale ulipokula kuku."

Na palepale sauti ya injini ikapungua. Dada akashtuka. Nikamwambia ndiyo inavyokuwa, ndege ya juu namna ile huanza kushuka ikiwa bado kilomita kama 200. Mahali ambapo basi lilitufikisha kwa karibu saa tano, rubani anapahesabu ndiyo mwanzo wa kufika.

Tukagusa Dar saa 6 na dakika 7. Dakika 65 hewani, 12 za kutoka, 5 za kwenda kuegesha. Jumla 82. Nusu ya deni ilikuwa chini kwenye lami, nusu nyingine kwenye kupanda, kugeuka na kujipanga kutua. Nikafunga daftari nikiwa na raha ya mtu aliyesawazisha mizania.

Jengo la tatu la uwanja wetu ni zuri, lina nafasi, lakini mkanda wa mizigo ni mkanda wa mizigo. Begi lilikuja karibu la mwisho. Dada alipiga magoti, akaingiza mkono katikati ya khanga. Chupa nzima. Mafuta yalikuwa yamevuja kidogo kwenye kifuniko, yakaacha duara jekundu kwenye gauni la Jumamosi. Akalinusa. "Haidhuru."

Saa 7 kamili tulikuwa ndani ya teksi. Tazara, imesimama. Buguruni, imesimama. Joto la Dar likatuvaa. Hapo ndipo simu ya dada ilipoita, akaiweka sauti ya nje.

"Mama, mmefika?" Alikuwa babu.

"Tumefika Dar, baba. Tuko njiani, tupo Buguruni, foleni."

"Basi hamjafika. Barua nimeifungua, nimekaa na wenzangu, jibu ninalo. Lakini mtu aliye njiani hajibiwi. Mkifika nyumbani nipigie." Akakata.

Dada akanitazama. Mimi nikamtazama dereva. Dereva, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alitazama foleni ya malori mbele yake na kusema, "Mama, mimi ningekuwa na mabawa."

Tabata, robo saa tumeangalia bango moja. Ubungo, trafiki aliruhusu upande wa kule mara mbili, sisi mara moja. Mabasi ya mwendokasi yalitupita kwenye njia yao, matupu kiasi. Dada alikuwa amepakata chupa, anaigeuza kidogo kidogo, mafuta yanapanda na kushuka. Mpwa wangu alipiga simu mara nne kuuliza. Mara nne akaambiwa asubiri, na mara ya nne akaambiwa asipige tena, anaziba laini.

Saa 8 na dakika 35, Kimara. Gari lilikuwa halijasimama sawasawa, dada ana mguu mmoja nje na mmoja ndani, chupa kwapani, simu sikioni.

"Tumefika, baba. Haya, sema."